Maswali ya wasomaji: mbona picha yangu ya nano-CT inatoka na ukungu?

Toleo lililopita niligusia nano-CT juu juu tu nikidhani watasoma watu wawili watatu, kumbe wenye hizi mashine mpo wengi na kila mtu ana lake la kulalamikia. Barua zimejaa, nimechagua saba na baadhi nimezipunguza urefu, mnisamehe. Kwa anayekutana na hili jambo leo: ni skana inayopiga eksirei kitu kidogo sana, pengine kidogo kuliko punje ya mchanga, huku kitu chenyewe kinazunguka taratibu, na kila pembe inapigwa picha moja ya kivuli ambayo tunaiita projeksheni. Kompyuta inazichukua hizo projeksheni mamia au maelfu inakurudishia umbo zima mpaka la ndani, slaisi kwa slaisi, bila kisu. Pikseli yenye kina tunaiita vokseli. Maikromita moja ni nanomita 1000, na hapo ndo ugomvi wote ulipo, manake kwenye nanomita hakuna kitu kinachotulia.

Habari mwalimu. Nasoma uzamili wa uhandisi wa vifaa. Nimeskani nyuzi za kaboni kwa saa 14 usiku kucha, vokseli ya nanomita 120. Projeksheni ukiiangalia moja moja iko safi, kingo zote zinaonekana, ila nikiunganisha slaisi inatoka na kingo mbili mbili, kama mtu anayeangalia huku ana usingizi. Programu nimeizima na kuiwasha mara tatu. Nibadilishe programu?

Usiibadilishe, haijakosea kitu. Tena swali lako umelijibu mwenyewe hapo kwenye "moja moja iko safi". Kama kila projeksheni peke yake ni kali basi tyubu inayotoa eksirei iko sawa, diteka inayozidaka iko sawa, fokasi iko sawa, kilichobaki ni kwamba projeksheni ya saa tatu usiku na ya saa nane usiku haziongelei kitu kilichokaa mahali pale pale.

Kabla hujamshika mchawi anza na kitu cha dakika mbili: kitovu cha mzunguko. Programu inatakiwa ijue mhimili wa kuzungukia unapita kwenye safu ipi ya pikseli, na ikikosea hata pikseli moja au mbili unapata hasa hicho ulichokisema, kingo mbili mbili kama skani ni ya nyuzi 360, na kama ni ya nyuzi 180 unapata vitu kama mwezi mchanga, vimefunguka upande mmoja. Unganisha slaisi moja tu ya katikati na kitovu tofauti tofauti, sogeza nusu pikseli nusu pikseli, angalia ipi imekaza. Ikikaza, umepona, nenda kalale.

Isipokaza ndo tunaingia kwenye joto. Chuma cha kawaida kikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi kinarefuka kama maikromita 12 kwa kila mita, inaonekana si kitu, lakini chukua mkono wa chuma wa sentimita 10 tu unaoshika sampuli, huo unarefuka maikromita 1.2, yani nanomita 1200, na wewe vokseli yako ni nanomita 120, kwa hiyo nyuzi moja tu imekusogezea sampuli vokseli 10. Nyuzi moja! Mtu akifungua mlango wa mashine akachungulia tayari amekuharibia. Ndo maana watu wazoefu wanawasha tyubu mapema ipashe moto mpaka joto la ndani ya kabati litulie, wanaweka sampuli ndani wanafunga wanaiacha ikae saa kadhaa, afu ndo wanaanza kuskani. Na kiyoyozi cha chumba kiachwe kwenye namba ile ile usiku na mchana.

Halafu kuna gundi, na hapa naongea kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliwahi kubandika kipande cha mbegu kwenye ncha ya kijiti kwa nta laini, nikaona imeshika vizuri, nikaondoka. Asubuhi nakuta mbegu imeinama kama mtu anayesinzia kitini, nikipima kwenye projeksheni imeshuka pikseli kama 40 kutoka ilipoanzia. Saa zote zile zimepotea kwa sababu ya nta. Toka siku hiyo natumia tone dogo sana la epoksi, dogo kweli, kama kichwa cha sindano au chini ya hapo, naliacha likauke siku nzima, na kishikio kiwe kifupi na kinene kadiri inavyowezekana manake kirefu chembamba kinayumba chenyewe. Teipu ya povu yenye gundi pande mbili usiiguse kabisa, inajinyoosha taratibu masaa na masaa.

Jinsi ya kujua kama kuna kusogea: skani ikiisha rudisha sampuli kwenye pembe sifuri, piga projeksheni nyingine, toa ile ya kwanza kutoka kwenye hii ya pili. Ikitoka kijivu tupu, hakikusogea kitu. Ukiona kingo nyeupe upande huu na nyeusi upande ule, kimesogea, na unaweza kupima kwa pikseli ngapi. Kama sampuli nzima imehama kwa pamoja bado kuna dawa, unapiga projeksheni chache za haraka mwishoni kwenye pembe kama 15 hivi zilizogawanyika sawa, programu inazitumia kupanga zile kubwa upya. Lakini kama sampuli imesinyaa yenyewe kwa mfano ilikuwa na maji ikakauka ndani ya mashine, hapo kupanga hakusaidii, rudia skani tu.

Mkuu, slaisi zangu zina chenga kama TV ya zamani iliyokosa antena. Nikaongeza nguvu ya tyubu, chenga zikapungua kweli, ila sasa kila kitu kina ukungu. Nashindwa kuelewa, mwanga mwingi si ndo picha nzuri?

Mwanga mwingi ndiyo, ila umeuchukua kwa njia ya gharama. Tuanze na chenga. Eksirei zinafika kwenye diteka kama matone ya mvua, fotoni moja moja, bila mpangilio. Ukitegea pikseli yako ikadaka wastani wa fotoni 100, yumbayumba yake ni kipeuo cha pili cha 100, yani 10, hiyo ni asilimia 10 ya chenga. Ikidaka fotoni 10,000 yumbayumba ni 100, asilimia 1. Umeona hesabu ilivyo ya kikatili, ili chenga zipungue mara 10 unatakiwa ukusanye fotoni mara 100. Ukitaka zipungue nusu tu, mara 4.

Sasa kwa nini ukungu? Ndani ya tyubu elektroni zinagonga kidoa kidogo cha tungsteni, na kidoa hicho ndo taa yako. Ukiongeza wati joto linazidi pale pale zinapogonga, na ili chuma kisiyeyuke ama mashine inatanua kidoa yenyewe ama elektroni zinajitawanya zenyewe, vyovyote vile taa imekuwa pana. Taa pana inatoa kivuli chenye pindo laini, hilo hata mtoto anayecheza na vivuli ukutani analijua. Kwenye skana upana wa hilo pindo pale kwenye diteka ni upana wa kidoa mara (ukuzaji toa moja). Kidoa cha maikromita 1 ukikuza mara 100 pindo ni maikromita 99, ukilirudisha kwenye ukubwa wa sampuli yenyewe ni kama maikromita 1 ile ile. Kwa lugha nyingine, kuza utakavyo lakini hutaona kitu kidogo kuliko taa yako. Rudisha wati chini.

Fotoni utazipata wapi basi? Sehemu ya kwanza ni umbali, na watu wengi wanaisahau. Mionzi inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, ukisogeza diteka ikawa nusu ya umbali wa mwanzo unapata fotoni mara 4 bila kugusa tyubu. Utaniambia ukuzaji utapungua, haupungui ukisogeza na sampuli nayo ikawa nusu ya umbali wake toka kwenye taa, manake ukuzaji ni uwiano wa hizo mbili tu. Kinachokuzuia ni sampuli kugonga dirisha la tyubu ikizunguka, kwa hiyo dawa halisi ni kuipunguza sampuli. Ichonge iwe nyembamba na ya mviringo kama penseli. Mtu anakuja na kipande cha milimita 5 anataka kuona tundu la nanomita 300, ndugu yangu punguza kwanza hicho kipande!

Sehemu ya pili ni kilovolti, yani volteji ya tyubu. Kwa sampuli ndogo nyepesi watu wanaacha kilovolti juu kwa mazoea, mionzi inapita kama hakuna kitu na kontrasti inakufa. Angalia projeksheni pale sampuli ilipo nene zaidi, kama inapitisha asilimia 95 ya mionzi unapoteza muda. Kwa hesabu ya nadharia chenga zinakuwa chache zaidi ikipita kama asilimia 13, ila mtu ukiwa kati ya 10 na 30 uko vizuri, na kama sampuli ni ndogo mno huwezi kufika huko basi shusha kilovolti mpaka pale tyubu inapoanza kugoma.

La mwisho ni muda, na hapo inabidi uvumilie. Tena nikutahadharishe kabla hujataka vokseli ndogo zaidi: ukipunguza vokseli ikawa nusu kila upande na ukataka chenga zibaki zile zile, fotoni zinazotakiwa zinapanda mara 16, siyo mara 2. Wengi wanashuka kutoka nanomita 200 kwenda 100 wakiwa na muda ule ule wa kupiga afu wanashangaa mbona ile ya 200 ilikuwa inaonyesha zaidi. Kweli ilikuwa inaonyesha zaidi. Kama huna muda unganisha pikseli nne ziwe moja, utapata picha ndogo lakini inayosomeka.

Kaka, nina miduara kwenye slaisi, inazunguka katikati kama mawimbi ya jiwe kwenye maji. Inatoka wapi?

Kwenye diteka. Pikseli moja ikiwa inasoma juu au chini kidogo kuliko wenzake, kosa lake linajirudia kwenye kila projeksheni mahali pale pale, na kwa kuwa sampuli inazunguka, kosa lililosimama linachora duara. Dawa ya kwanza ni picha tupu: piga bila sampuli mionzi ikiwa imewaka, piga tena mionzi ikiwa imezimwa, hiyo ndo picha ya giza, halafu kila projeksheni itoe giza ndo uigawanye kwa ile tupu iliyotolewa giza nayo.

Hilo unalijua pengine. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba picha tupu nazo zina chenga. Ukipiga nne tu ukachukua wastani, chenga zilizobaki humo zinaingia kwenye projeksheni zako zote kwa umbo lile lile, na kinachojirudia kwa umbo lile lile ni duara! Kwa hiyo umetengeneza miduara kwa mkono wako ukidhani unaifuta. Piga 50 au zaidi, na kama skani ni ndefu zipige mwanzoni na mwishoni.

Kama mashine yako inaruhusu, washa ule mchezo wa kusogeza diteka au sampuli pikseli chache huku na huku kati ya projeksheni, programu inarudisha mahali pake baadaye, na kosa la pikseli linatawanyika halichori tena duara. Zile filta za kufuta miduara zipo, zinafanya kazi kwenye sinogramu, yani safu moja ya diteka ikipangwa pembe baada ya pembe, ambapo duara linaonekana kama mstari ulionyooka, ila ziwekee kiasi. Sampuli yako ikiwa na kitu cha mviringo kweli karibu na mhimili, filta haina namna ya kujua, itakifuta nacho.

Kipande changu cha chuma kinaonekana pembeni kimeng'aa na katikati cheusi wakati ni chuma kile kile. Kina tundu ndani?

Hakina. Mionzi yako ina nishati mchanganyiko, ile dhaifu inaishia kwenye ganda la nje, inayofika katikati ni ile yenye nguvu tu ambayo hainyonywi sana, kompyuta inadhani katikati ni kwepesi. Weka karatasi nyembamba ya alumini au shaba mbele ya tyubu ichuje ile dhaifu mapema, ongeza muda manake fotoni zitapungua, na programu nyingi zina sehemu ya kusahihisha kilichobaki.

Mwalimu mimi ni mtu wa baiolojia, fizikia mlinipoteza shuleni. Nimeskani mguu wa sisimizi, ganda naliona kidogo, misuli ya ndani hakuna kitu kabisa, kijivu tu. Rafiki yangu anasema nitumie "fezi". Ndo nini?

Rafiki yako anajua. Eksirei ikipita kwenye kitu inafanyiwa mambo mawili, inapunguzwa na inacheleweshwa. Kupunguzwa ndo kivuli cha kawaida. Kucheleweshwa, ndo hiyo fezi, hukuoni moja kwa moja, ila kwenye vitu vyepesi kama nyama na plastiki, vyenye kaboni na oksijeni na haidrojeni, athari ya kuchelewesha inaweza kuwa kubwa mara 1000 kuliko ya kupunguza. Taarifa ipo, ni wewe huichukui.

Njia rahisi ni kuipa mionzi nafasi baada ya sampuli, mawimbi yaliyocheleweshwa tofauti yanaingiliana, na kwenye kila kingo unapata mstari mweupe umelala na mweusi. Unaweza kuwa tayari unao, kuza projeksheni yako uangalie pembeni mwa ganda. Halafu kuna hesabu ya mwaka 2002 ya Paganin na wenzake ambayo inageuza hiyo mistari kuwa kontrasti ya mwili mzima, kwa projeksheni moja moja, hauhitaji kupiga mara mbili. Ipo kwenye programu za bure kama TomoPy. Inakuomba namba moja, uwiano wa kuchelewesha na kupunguza, na hapo ndo watu wanaharibu: wanaiweka kubwa mno kwa sababu chenga zinapotea na slaisi inapendeza kama imepakwa siagi, kumbe kingo nazo zimelainika. Panda taratibu, mistari ikipotea tu pembeni, simama hapo hapo.

Lakini dada, au kaka, hujaandika, njia ya watu wa baiolojia ni kutia rangi. Iodini inaingia kwenye misuli vizuri na ni ya bei nafuu kuliko mashine mpya, asidi ya fosfotangstiki inang'ang'ania protini ila inapenya polepole, osmiamu inashika mafuta lakini ni sumu kali, hiyo usiiguse nje ya chemba ya kuvuta hewa. Mguu wa sisimizi una ganda linalozuia dawa kuingia, kata ncha zote mbili kwanza, iache humo siku kadhaa. Na ukimaliza kutia rangi, iskani ikiwa ndani ya kimiminika kilichofungwa vizuri, au ukaushe kwa njia isiyosinyaza, manake misuli ikikauka ndani ya mashine tunarudi kwenye swali la kwanza.

Karatasi ya mashine imeandikwa nanomita 50. Mimi kwenye picha sioni chochote chini ya 200. Nimepigwa?

Hapana, isome tena. Hiyo 50 mara nyingi ni ukubwa wa vokseli, siyo umbali mdogo unaoweza kutenganisha vitu viwili. Vokseli ni ukubwa wa kigae, unaweza kupanga vigae vidogo juu ya picha yenye ukungu ikabaki na ukungu ule ule. Piga kipande cha majaribio chenye mistari au nyota ya Siemens, ile yenye miale inayobanana kuelekea katikati, angalia ni wapi mistari inayeyuka ikawa kijivu, hiyo ndo namba yako halisi.

Skana zinazotumia lenzi ya miduara, ile ya Fresnel, hazitegemei udogo wa kidoa, zinategemea upana wa duara la mwisho la nje: duara la nanomita 30 linakupa kama nanomita 37 kwa hali nzuri kabisa, ila lenzi hizo sehemu kubwa ya mionzi zinaipoteza kwa hiyo muda unakuwa mrefu. Kwenye sinkrotroni, zile mashine kubwa zinazozungusha elektroni zikatoa eksirei kali, wako mbali zaidi, mwaka 2017 kwenye Taasisi ya Paul Scherrer kule Uswisi walipiga chipu ya kompyuta kwa nanomita 14.6, bila lenzi, kwa kusoma jinsi mionzi inavyotawanyika. Siyo kitu cha kujilinganisha nacho ukiwa na skana ya mezani.

Ivi akili bandia ya kuondoa chenga naweza kuiamini? Nimeitumia kwenye kathodi ya betri, ikanitolea ufa ambao kwenye picha ya mwanzo siuoni.

Ufa huo usiuandike popote kwanza. Mtandao wa akili bandia uliofunzwa kwa picha za watu wengine unajaza mapengo kwa kile ulichozoea kukiona, na kama ulilishwa kathodi nyingi zenye nyufa utakupa nyufa. Mimi sizikatai, nazitumia, ila napendelea zile zinazojifunza kwenye skani yako mwenyewe. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mtandao unaweza kujifunza kufuta chenga kwa kulinganisha picha mbili zenye chenga tofauti za kitu kile kile, bila kuonyeshwa picha safi hata moja, na kwenye CT hizo picha mbili unazo bure: gawanya projeksheni, zenye namba shufwa upande huu, witiri upande ule, unganisha kila upande kivyake.

Na mgawanyo huo huo utautumia kuukagua ufa wako. Safisha kila nusu peke yake. Chenga za nusu moja hazijui chochote kuhusu chenga za nusu nyingine, kwa hiyo ufa uliozaliwa na chenga utakaa hapa kwenye nusu hii na kwenye ile utahama au utapotea. Ukikaa mahali pale pale kwenye zote mbili umesogea hatua, ila bado mtandao ule ule ndo umezisafisha zote, kwa hiyo mimi ningeskani tena kile kieneo kidogo tu kwa muda mara 4.

Halafu zile projeksheni za asili usizifute kupisha nafasi. Najua zinakula diski, diteka ya pikseli 2000 kwa 2000 inataka projeksheni kama 3140 ili pembe zisiache mapengo, kila moja megabaiti 8, hiyo ni gigabaiti 25 kwa skani moja, na ukipiga kila moja kwa sekunde 30 ni zaidi ya saa 26 za mashine. Diski unaweza kununua nyingine. Kathodi yako ukishaifungua haifungiki tena.